Santuri, kaseti, CD au mtandao: maktaba ya umma ianzie wapi kukusanya muziki?

Kwenye rafu za maktaba ninayofanyia kazi kuna nakala nne za wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert, zote zimechakaa kwa kusomwa. Siku moja binti wa sekondari alikuja kurudisha nakala yake, akauliza: "Sasa yeye mwenyewe tunamsikilizia wapi?" Sikuwa na jibu. Siti alikwenda Bombay mwaka 1928 kuirekodia kampuni ya HMV, santuri zake zikauzwa pwani nzima, nasi tulikuwa na maisha yake kwenye karatasi bila hata dakika moja ya sauti yake.

Swali hilo ndilo lililotuingiza katika kazi ya kukusanya muziki. Tangu hapo wakutubi wa miji mingine wamekuwa wakiniuliza watumie vipi fedha kidogo walizo nazo: wanunue CD, watafute santuri, au walipie huduma ya kusikiliza mtandaoni? Ninalinganisha hapa jinsi nilivyoziona njia zote hizo zikifanya kazi katika maktaba ya mji wa pwani: chumba kimoja cha ziada, unyevu wa bahari, umeme unaokatika na fundi mmoja wa redio jirani. Msimamo wangu nausema mapema. Maktaba ianze na kile ambacho msomaji hawezi kukipata kwenye simu yake, na kwetu sisi kitu hicho kimo zaidi ndani ya kaseti kuliko mahali pengine popote.

Santuri na kaseti

Watu wanapoletewa habari kwamba maktaba inakusanya muziki wa zamani, kitu cha kwanza kinachowajia akilini ni santuri. Ina heshima yake. Ukiiweka kwenye kabati la kioo, mgeni anasimama kuitazama. Lakini santuri si kitu kimoja. Zile za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo ndizo za enzi ya Siti, zimetengenezwa kwa utomvu wa sheleki, na zikianguka zinavunjika kama sahani ya udongo. Zile zilizokuja baadaye, ndogo za mizunguko 45 na kubwa za 33, ni za plastiki na zinastahimili zaidi. Sindano zake ni tofauti. Mfereji wa santuri ya 78 ni mpana, na sindano ya kisasa ikizama humo inasoma vumbi la chini na kuacha kando kuta zenye sauti. Usafishaji nao una mtego: spiriti inayofaa kabisa kufutia kichwa cha redio kaseti huyeyusha sheleki. Nimeona santuri iliyokuwa salama kwa miongo kadhaa ikiharibiwa kwa kitambaa kimoja chenye spiriti, na aliyeifuta alikuwa na nia njema.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa santuri hawapendi kulisikia. Upande mmoja wa santuri ya 78 unabeba takriban dakika tatu. Taarab haikai katika dakika tatu. Mwimbaji alilazimika kuchagua beti, na ala zikakatishwa njiani. Hata kwenye zile za 45 za muziki wa dansi, wimbo ulikatwa katikati, mwanzo upande A na sehemu ya pili upande B, yaani palepale gitaa linapochanganya ndipo unapoinuka kwenda kugeuza. Za bendi za Tanzania, wakiwemo Atomic Jazz na Jamhuri Jazz wa Tanga, zilichapwa Nairobi kwa sababu Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanazitafuta, na bei imepanda kiasi kwamba maktaba ya mji haiwezi kushindana nao. Ushauri wangu: santuri ipokee ikiletwa, usiende kuitafuta kwa fedha.

Kaseti ni habari nyingine kabisa. Philips waliileta duniani mwaka 1963, na ilipoenea huku kwetu ilimpa kila mwenye redio kaseti uwezo ambao zamani ulikuwa wa studio peke yake. Ukiwa na kaseti ya dakika 90 unapata dakika 45 upande mmoja, na wimbo unakaa mzima: bashraf, yaani ule utangulizi wa ala, beti zote, kiitikio kinachorudiwa kwa kuwa mtu kainuka kwenda kutunza na mwimbaji hawezi kumwacha njiani. Vigelegele vimo. Jina la mwenye shughuli limo, likitajwa katikati ya wimbo. Mombasa, kaseti za Mbwana Radio Service zilibeba sauti za Juma Bhalo, Zuhura Swaleh na Maulidi Juma kutoka kwenye harusi zenyewe hadi majumbani. Studio haina mambo hayo. Ukisikiliza santuri unamsikia mwimbaji, ukisikiliza kaseti ya harusi unaisikia na hadhira iliyokuwa ikimsikiliza, na kwa taarab hadhira ni nusu ya wimbo.

Vivyo hivyo kwa dansi. Kwa miaka mingi bendi za Tanzania zilirekodi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo nyingi za huko hazikuwahi kutolewa kwa santuri. Zilirushwa hewani, watu wakazinasa nyumbani. Kaseti ya mzee mmoja wa mtaani kwetu ina wimbo uliokatwa mwanzo na sauti ya mtangazaji akisoma salamu. Mtu anayetaka muziki safi ataitupa. Mimi naithamini kwa salamu zile zile.

Tena, maktaba ina faida ambayo duka la muziki halina: ina vitabu vyenye maneno ya nyimbo hizo. Mashairi ya Ahmad Nassir tunayo katika diwani. Mengi kati ya mashairi yake yaliimbwa na Juma Bhalo, aliyekuwa jamaa yake. Tulipoweka kaseti na diwani kwenye meza moja, wanafunzi waliokuwa wakihesabu mizani kwa vidole walianza kuvisikia vina vikianguka mahali pake. Hakuna mwalimu aliyewahi kunishukuru kwa kitabu kama nilivyoshukuriwa kwa meza ile.

Udhaifu wa kaseti ni mwili wake. Mkanda una upana usiofika milimita nne, nao unaogopa unyevu na joto. Pwani ukungu unaota. Utauona kupitia kidirisha, mistari myeupe juu ya mkanda uliozungushwa. Kaseti yenye ukungu usiitie kwenye mashine, kwa maana itaambukiza nyingine zote zitakazofuata. Za dakika 120 zina mkanda mwembamba mno na hunasa kirahisi. Kaseti yoyote inapofika mezani kwangu, kabla sijaandika hata jina, navunja vile vijino viwili vya mgongoni ili mtu asije akabonyeza kitufe cha kurekodi na kufuta harusi ya mtu. Kisha naizungusha hadi mwisho na kuirudisha mara moja bila kuicheza, ili mkanda ulegee. Kipande kidogo cha sponji kinachokandamiza mkanda kikiwa kimebanduka, fundi anakitoa kwenye kaseti tupu na kukipachika. Ganda likiwa limepindika, mkanda unahamishiwa kwenye ganda jingine lenye skrubu. Hizi ni kazi za mezani ambazo mkutubi anajifunza kwa wiki moja. Kutengeneza mashine ya santuri kunataka vipuri vya kuagiza.

Kuhusu mikanda mikubwa ya rili, ile ya redio: ukiletewa, ipokee, iandike, iweke mahali pakavu, wala usijaribu kuicheza. UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti, IASA, walitoa tahadhari kwamba mashine za kuchezea mikanda ya sumaku zinakwisha duniani pamoja na vipuri na mafundi wake. Tahadhari hiyo inazihusu kaseti pia, ndiyo maana nasema zianze hizo. Santuri ya plastiki itangoja miaka 20 mingine kabatini bila kudhurika sana. Kaseti haingoji.

CD

Hapa sina mengi. CD halisi ya kiwandani ni nzuri: haina mvumo, inabeba dakika 74 hadi 80, na mara nyingi huja na kijitabu cha maelezo. Mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Ufaransa, ulioanza kutoka mwaka 2005, ni mfano wa CD ambazo maktaba inapaswa kuzinunua hata kama fedha ni chache. Ndani yake kuna Ikhwani Safaa, klabu iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, kuna taarab ya Mombasa ya miaka ya 1960 na 1970, kuna Bi Kidude, na maelezo yake yanataja nani alipiga nini. Kwa mkutubi maelezo hayo ni sawa na nusu ya bei.

CD ya kuchomwa, ile iliyoandikwa jina kwa kalamu, ni kitu kingine. Rangi inayobeba data inafifia kwa mwanga na joto. Nimeshika CD zilizochomwa mwaka 2006 ambazo mashine haizitambui tena, ilhali kaseti za mwaka 1984 kutoka nyumba ileile zinaimba. Watu hujali mikwaruzo ya upande unaong'aa, lakini upande wa hatari ni ule wa juu wenye maandishi, kwa kuwa tabaka linaloakisi mwanga liko chini yake tu. Usibandike karatasi ya gundi juu yake. CD yoyote ya kuchomwa ihamishie kwenye kompyuta siku hiyohiyo uliyoipokea. Na mashine ya kusomea CD inunue sasa na uitunze, maana kompyuta mpya haziji nayo.

Mafaili yako mwenyewe na huduma za mtandaoni

Hapa ndipo wakubwa wa maktaba huvutwa zaidi. Huduma ya mtandaoni haichukui rafu, haipati ukungu, na ina mamilioni ya nyimbo. Spotify ilifika Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021, Boomplay na Mdundo zilikuwapo kabla yake, na YouTube imejaa taarab iliyopakiwa na watu binafsi. Kwa nini basi maktaba ihangaike?

Sababu ya kwanza ni kwamba huduma hizo zinauzwa kwa mtu mmoja kwa matumizi yake binafsi. Masharti yake hayairuhusu taasisi kufungua akaunti moja na kuwachezea umma. Zipo huduma zinazotengenezewa maktaba, kwa mfano Naxos Music Library, lakini nguvu yake kubwa ni muziki wa klasiki wa Ulaya. Mwalimu wa muziki anayefundisha nota atafurahi. Mama aliyekuja kutafuta wimbo alioolewa nao hatafurahi.

Sababu ya pili ni umiliki. Mkataba ukiisha, au mwenye wimbo akiuondoa, wimbo unatoweka usiku na hakuna atakayekuarifu. Kitabu ukikinunua ni chako mpaka mchwa wakile. Usajili wa mtandaoni ni kodi ya nyumba, na kodi hiyo inalipwa kwa fedha za kigeni kila mwezi, mwaka wa bajeti nzuri na mwaka wa bajeti mbaya.

Sababu ya tatu ni maelezo. Nyimbo za zamani mtandaoni zimejaa majina yaliyokosewa, mwaka wa kutolewa upya ukiandikwa kana kwamba ni mwaka wa kurekodiwa, na mpiga zumari au fidla hatajwi. Hali ni mbaya zaidi kwenye vibanda vya kurushia nyimbo kwenye flashi, ambako bendi tatu tofauti huwekwa chini ya jina moja.

Sisemi mtandao hauna faida. Msomaji mwenye simu na bando tayari anao, na kazi ya maktaba hapo ni kumwongoza, si kumlipia. Tuna orodha ya karatasi ukutani inayosema: ukitaka kuwafahamu Culture Musical Club, klabu ya taarab ya Zanzibar, anzia hapa, ukitaka dansi la miaka ya sabini anzia kule. Karatasi ile haikutugharimu kitu na inasomwa kuliko ubao wa matangazo.

Sasa linganisha na mafaili unayoyatengeneza mwenyewe kutoka kaseti za mji wako. Vifaa ni redio kaseti nzuri yenye tundu la kutolea sauti, kifaa kidogo cha USB cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, na programu ya bure ya Audacity. Kabla ya kurekodi, tafuta skrubu ndogo iliyo kando ya kichwa cha kusomea, izungushe taratibu kwa bisibisi mpaka sauti za juu za kanuni, ile ala ya nyuzi, na za tari zisikike kali. Kila kaseti ilirekodiwa na mashine yake, kwa hiyo kila moja inataka kurekebishiwa kichwa. Hatua hiyo moja inaleta tofauti kubwa kuliko bei ya vifaa vyote.

Gharama ya kweli ni muda. Kaseti ya dakika 60 inanakiliwa kwa dakika 60, hakuna njia ya mkato. Kaseti 100 za namna hiyo ni saa 100 za mtu kukaa na kusikiliza. Nafasi si tatizo tena: sauti ya stirio kwa kiwango cha biti 24 na kiloherzi 96 inakula takriban gigabaiti 2 kwa saa, kwa hiyo kaseti zote 100 zinaenea kwenye diski moja ya kawaida ya nje na nafasi inabaki. Faili hilo kubwa la WAV, yaani la sauti isiyobanwa, ndilo asili, usiliguse. Tengeneza MP3 kutoka humo kwa ajili ya wasikilizaji. Weka nakala tatu, moja ikae jengo jingine, na flashi usiihesabu kuwa nakala.

Mfano wa njia ya katikati unatoka Marekani. Maktaba za umma za miji kama Iowa City na Madison zimewahi kufanya mapatano na wanamuziki wa mjini kwao, zikawalipa, kisha mwenye kadi ya maktaba akasikiliza albamu zao kutoka tovuti ya maktaba yenyewe. Fedha zinabaki mjini na mkusanyo unakuwa wa mahali pale. Kikundi cha taarab, kwaya au vijana wa singeli wa mtaani kwako wanaweza kukubali mapatano ya namna hiyo kwa kiasi kidogo kuliko usajili wa mwaka wa huduma ya nje.

Kuazimisha au kusikilizia hapohapo

Tulipoanza tuliazimisha CD kama vitabu. Ndani ya mwaka mmoja makasha mengi yalirudi matupu au na CD iliyokwaruzwa, na hakuna aliyekuwa mwizi: ilisahaulika kwenye redio ya gari, mtoto aliichezea, iliazimwa tena na jirani. Tukabadili utaratibu. Sasa tuna viti viwili, hedifoni mbili na kompyuta isiyounganishwa na intaneti. Msomaji anasikiliza pale. Wanaosikiliza wamepungua kidogo, ila hatujapoteza hata kitu kimoja. Kwa CD zinazopatikana madukani bado naona kuazimisha kuna maana, mradi umeshajiwekea nakala ya akiba pale sheria inaporuhusu. Kwa kaseti za watu, hapana.

Na hapa kuna jambo ambalo sheria hailigusi vya kutosha. Bi mkubwa mmoja alituletea mfuko wa kaseti 31. Nikamweleza kwa furaha kwamba tutaziweka watu wazisikilize. Akanishika mkono: "Mwanangu, hizi nne weka kando. Hizi ni za ukumbini kwa wanawake." Zilikuwa nyimbo za shughuli ambazo mwanamume hakutakiwa kuwepo, na waliokuwa wakiimba na kucheka humo ni mama na shangazi za watu wanaoishi mjini hapa. Vivyo hivyo nyimbo za unyago. Tulizinakili kwa msaada wa mkutubi mwanamke, tukampa mwenyewe nakala, na faili likafungwa kwa masharti aliyoyataka. Mtandao hauna mlango wa namna hiyo. Maktaba inao, na watu wakijua unao, wanaleta vitu ambavyo wasingevipeleka popote.

Kwa upande wa sheria, kumbuka kwamba wimbo mmoja una haki za aina mbili. Kwa sheria ya Kenya, rekodi ya sauti inalindwa miaka 50 tangu ilipofanywa, lakini utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Rekodi ya mwaka 1970 inaweza kuwa huru huku shairi lililomo bado ni mali ya watoto wa mtunzi. Kabla ya kuweka chochote kwenye tovuti, nenda kwenye taasisi ya hakimiliki ya kwenu: KECOBO kama uko Kenya, COSOTA kama uko Tanzania Bara, COSOZA kama uko Zanzibar. Na aliyekupa kaseti amekupa mkanda tu, hakukupa wimbo. Tunamwandikisha fomu ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida inayosema ametoa nini na ameruhusu nini.

Uchague nini basi

Kama una fedha za kununua vifaa mara moja tu, nunua redio kaseti nzuri mbili, moja ya kutumia na moja ya vipuri, pamoja na diski mbili. Kama una bajeti ndogo ya kila mwaka, itumie kwa CD chache zenye maelezo na mapatano na wanamuziki wa mjini. Kama una intaneti ya uhakika na chuo cha muziki jirani, hapo huduma ya kulipia ya taasisi inaanza kuleta maana, lakini iwe ya mwisho kwenye orodha. Kama huna fedha kabisa ila una kijana wa kujitolea mwenye subira, anza na daftari: nani mjini ana kaseti zipi, na yuko tayari kukaa nanyi saa ngapi.

Maana kaseti isiyo na maelezo ni sauti ya watu wasiojulikana. Mwenye kaseti anapokuja, usimwage mfuko na kumwambia arudi wiki ijayo. Mpe kiti, mwekee wimbo, na umuulize wakati unacheza: nani huyu anapiga fidla? Harusi ya nani hii? Kwa nini watu wamecheka hapo? Bi mkubwa wetu alikuja asubuhi tano mfululizo. Kaseti ya kumi na saba haikuwa na jina wala mwaka. Alisikiliza beti mbili, akamtambua mwimbaji, akatambua ukumbi kwa mwangwi wake, kisha akaomba niirudishe nyuma kidogo, kwa sababu kigelegele cha tatu pale kilikuwa cha dada yake.